Mtoto anaumwa, baba yuko baharini: chombo atakiacha wapi?

Kwa familia nyingi za mwambao, kuanzia Tanga na Pangani hadi Bagamoyo na Mafia, mashua ndiyo shamba, ndiyo duka na ndiyo ada ya shule. Ikizama au tanga likiibwa, ni nadra kukuta bima ya kuirudisha. Ndiyo maana nahodha akipigiwa simu ya dharura kutoka nyumbani, huwa na maswali mawili kwa wakati mmoja: nitafikaje, na chombo nitamwachia nani?

Wazazi wawili wa Tanga wanayajua vizuri maswali hayo. Mume ni nahodha wa mashua ya tanga anayoimiliki pamoja na kaka yake. Mke anauza vitafunwa na kulea watoto watatu. Miaka michache iliyopita mume alipata msiba akiwa safarini, akaiacha mashua kwenye ufuko asiojulikana na mtu. Aliporudi siku ya tatu, tanga halikuwepo. Maji yalipokupwa chombo kililalia jiwe, ubao wa ubavuni ukapasuka. Matengenezo yalimaliza akiba ya mwaka mzima, na mtoto wao mkubwa akachelewa kuanza kidato cha kwanza.

Baada ya hapo mke aliweka sharti. Hakuna safari kabla ya kuandika kwenye daftari sehemu tatu za njiani ambako mashua inaweza kuachwa, pamoja na jina na namba ya simu ya mtu mmoja wa kila sehemu. Mume alicheka, akasema bahari haina ratiba. Lakini aliandika.

Simu ya saa saba mchana

Ilikuwa Februari, msimu wa kaskazi. Mashua ilitoka Tanga alfajiri ikiwa na shehena ya nazi kwenda Dar es Salaam, nahodha na mabaharia wawili. Walikuwa wameshaupita mlango wa Mto Pangani simu ilipoita. Mtoto wa mwisho, mwenye miaka mitatu, alikuwa na homa tangu usiku. Asubuhi mama alimpeleka kituo cha afya, kipimo kikaonyesha malaria, na wakiwa bado hapo akapata degedege. Wakapewa rufaa. Hospitalini wakaambiwa damu imepungua, anahitaji kuongezewa, na ndugu waje kuchangia.

Kurudi Tanga kwa tanga kulimaanisha kwenda mbisho dhidi ya kaskazi, pengine usiku kucha. Ufuko uliokuwa karibu ulikuwa wazi na mawimbi yakiupiga moja kwa moja. Baharia mdogo alishauri watie nanga hapo hapo, nahodha ashuke akimbie. Nahodha alikumbuka ubao uliopasuka, akafungua daftari. Sehemu ya pili ilikuwa Kipumbwi.

Pale kuna mlango wa mto, na aliyeandikwa kwenye daftari alikuwa kiongozi wa kikundi cha wavuvi wanaosimamia rasilimali za pwani, yaani BMU. Tatizo lilikuwa kina. Ilibidi wasubiri nje karibu saa nzima maji yajae ndipo waingie. Mke anasema saa hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, maana alijua mumewe anaiona nchi kavu lakini hawezi kushuka.

Walipoingia, nahodha aliwakabidhi mabaharia chombo mbele ya kiongozi yule, akapanda bodaboda hadi Bweni, akavuka mto kwa kivuko, kisha akapata gari la kwenda Tanga. Alifika usiku. Damu ya shemeji yake ilikuwa imeshatolewa na mtoto alikuwa ameshaongezewa. Yeye alichangia asubuhi, kufidia iliyotumika kwenye benki ya damu. Mtoto alirudi nyumbani baada ya siku tano. Mashua ilikutwa ilipoachwa, nazi zote zikiwamo.

Mahali salama pakoje?

Kwanza ni upepo wa msimu. Mahali palipo shwari wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, panaweza kuwa na mawimbi makali wakati wa kusi, kuanzia Aprili. Tafuta rasi, kisiwa au mikoko inayokinga upande unakotoka upepo wa wakati huo.

Pili ni sakafu ya bahari. Tope na mchanga hushika nanga vizuri. Kwenye matumbawe nanga hunasa, na kamba husagika hadi ikakatika.

Tatu ni maji. Katika mwambao wetu, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Ukitia nanga maji yakiwa mita 2, saa sita baadaye yanaweza kuwa zaidi ya mita 5, na kamba uliyoipima kwa maji madogo haitatosha. Nanga itaburutwa. Na ukiingia maji yakiwa yamejaa, hakikisha chini hakuna mawe, kwa sababu chombo kitakaa hapo maji yakikupwa.

Nne ni watu, na nahodha huyu anasema hili ndilo la kwanza. Ghuba nzuri isiyo na mtu anayekujua ni mahali pa kuibiwa. Toa taarifa kwa uongozi wa kijiji au BMU, hasa kwenye bandari bubu, ambako chombo kigeni hutiliwa shaka haraka. Shusha tanga, ondoa usukani na mashine kama ipo, na mlipe mtu wa kuchota maji yanayoingia kila siku.

Kwa aliyebaki nyumbani

Katika kisa hiki mama hakusubiri baba arudi ndipo mtoto apelekwe hospitali. Homa ya mtoto mdogo ipimwe ndani ya saa 24. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, mpeleke wakati huo huo, simu kwa baba ifuate.

Kwa hiyo kabla ya safari, wazazi wakae pamoja na kukubaliana mambo matatu: chombo kitaachwa wapi, nani ana nauli ya hospitali, na ndugu gani wako tayari kuchangia damu. Nakala moja iende chomboni ndani ya mfuko usioingia maji, nyingine ibaki nyumbani. Kwa wazazi hawa, mazungumzo hayo huchukua muda wa kunywa chai, na siku hizi ni mume anayeyaanzisha.