Usiku wa Mbalamwezi na Gemu Fupi

Katika mabanda ya gemu niliyokulia, hadithi ilikuwa hasara. Ulilipia muda. Ukitoa mia mbili ulishika pedi kwa dakika chache, na mwenye banda alikaa pembeni ya televisheni akiitazama saa yake kuliko alivyoutazama mchezo. Sasa mpe mtoto wa darasa la sita GTA San Andreas, ile ya mwaka 2004, ambayo karibu kila misheni inaanza na watu kusimama wakipiga soga. Wanaongea Kiingereza cha vijiweni, wewe huambulii kitu, na dakika zako zinayoyoma. Ulibonyeza X. Wakiendelea, ulibonyeza tena mpaka wanyamaze. Nimepiga San Andreas miaka nenda rudi bila kujua kwamba CJ, mhusika mkuu, karudi nyumbani kwa sababu mama yake kauawa. Nilichojua ni chiti za bunduki, mahali pa kupora pikipiki na namna ya kuwatoroka polisi. Memori kadi ilikuwa mali ya banda, na anayekuja nyuma yako aliseivu juu ya kazi yako, kwa hiyo hata ndoto ya kumaliza gemu haikuwapo.

Hapo ni Bukoba mjini, Kashai, nilikokuwa nasoma na kukaa kwa mama mdogo. Likizo nilipanda basi kurudi kwetu Kimwani, kusini mwa Muleba, upande wa kuelekea Biharamulo. Kule banda la maana lilikuwa moja, la mabati, la kuendeshwa kwa jenereta. Kazi yake kubwa ilikuwa mpira wa Uingereza Jumamosi, na siku nyingine muvi za kutafsiriwa. Tulikua na sauti ya Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala: Mmarekani akifungua kinywa kwenye kanda, Lufufu ndiye aliyesema, na mara nyingi alisema vizuri kuliko Mmarekani mwenyewe. Zikaja pia diski za VJ Jingo kutoka Kampala, kwa Kiganda, zikipitia mpaka wa Mutukula, na wazee wetu walizifuata bila taabu kwa kuwa Kihaya na Kiganda havijaachana mbali. Nayasema haya kwa sababu watu waliokuja kuitolea hukumu gemu ninayotaka kuizungumzia hawakuwa wacheza gemu. Pedi hawakuwahi kuishika. Walikuwa na masikio ya hadithi, na hadithi mbovu waliijua kabla haijafika katikati.

Kingine cha kujua ni dagaa wa ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi inalala mwaloni siku kadhaa. Siku hizo ndipo wavuvi walipopanda juu kwetu wakiwa na pesa mfukoni na hawana la kufanya. Banda lilifurika. Mwenye banda hakuhitaji kalenda. Alitazama angani akajua ni lini anunue petroli ya ziada.

PS3 ilifika Kimwani mwaka 2015, mtumba kutoka Kampala, ikiwa imeshachezewa na kujazwa gemu ndani. Miongoni mwazo ilikuwamo The Last of Us, iliyotengenezwa na Naughty Dog ya Kalifonia na kutoka Juni 2013. Kwa asiyeijua: fangasi wanaota vichwani mwa watu na kuwageuza wanyama, Marekani imebaki magofu, na mwanamume aitwaye Joel, aliyefiwa na bintiye, anamvusha nchi nzima msichana wa miaka 14, Ellie, ambaye aling'atwa na hakugeuka. Gemu yenyewe inakula saa 15 na zaidi. Petroli ya saa 15 nani alipe? Ikawa inapigwa vipandevipande. Aliyecheza Jumanne hakujua aliyecheza Jumatatu kafanya nini. Alikuta tu Joel yuko mji mwingine na mwanamke aliyekuwa mwenzake wa kazi hayupo tena. Ukiuliza kafa vipi, unajibiwa na mtu aliyesikia kwa mtu.

Lakini mle ndani kulikuwa na kitu cha pili, kipande cha nyongeza kilichotoka Februari 14, 2014, siku ya wapendanao: Left Behind. Kinakwisha kwa saa mbili hadi tatu. Huko kilikouzwa kwa dola 14.99, zaidi ya shilingi 24,000 za wakati ule, wachezaji waligawanyika hasa kwa jambo hilo. Wapo waliosema kulipa robo ya bei ya gemu nzima kwa kitu cha jioni moja ni kuibiwa. Wapo waliosema hawajaona gemu ya kuua ikithubutu kukaa muda wote ule bila kumuua mtu. Mwaka 2015 BAFTA ya Uingereza ikakipa tuzo ya hadithi, na Ashley Johnson, sauti ya Ellie, akapata tuzo ya uigizaji. Malalamiko ya ufupi hayakukoma kwa tuzo.

Kwetu ufupi ndio uliokifungulia mlango. Mwenye banda alipiga hesabu: saa mbili na nusu ni sawa na muvi moja ndefu, jenereta inaimudu. Basi akatangaza gemu kama anavyotangaza muvi. Kiingilio jero, mchezaji mmoja, wengine wote macho. Hakuna saa, hakuna zamu. Nilikuwa kidato cha tano, likizo ya Desemba, nikapewa pedi kwa sababu nilikuwa na muda na vidole vya mjini. Utafsiri ukaenda kwa mpwa wa mwenye banda, msichana wa chuo cha ualimu, ambaye wavuvi walishaanza kumwita mwalimu kabla hajafundisha darasa hata moja. Alikaa kwenye kreti la soda kando ya skrini, uso kwa watu.

Kipande hicho kinakwenda kwa nyakati mbili. Upande mmoja Joel ana jeraha la tumboni, baridi kali, na Ellie anatafuta dawa ndani ya maduka yaliyotelekezwa huko Colorado. Upande wa pili ni nyuma kidogo, kabla hajakutana na Joel: rafiki yake Riley anamtorosha usiku, wanaingia kwenye jengo jingine la maduka, na wanacheza. Wanacheza kwa kweli. Wanashindana kuvunja vioo vya magari kwa matofali. Wanavaa vinyago. Wanakimbizana na bastola za maji. Zamani ningebonyeza X hapo mpaka kidole kiume. Safari hii hapakuwa na saa ya kunikimbiza, na nyuma yangu kulikuwa na benchi zima la watu waliolipa ili wasikie.

Kuna mahali Riley anamtuma Ellie akawashe umeme wa jengo. Unainua swichi, na lile giza lote linafunguka: taa za maduka, mabango. Wavuvi walishangilia kwa nguvu kuliko goli. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na wao wanatumia jenereta?" Mwenye banda akadakia kwamba ndiyo, na petroli imepanda. Halafu Ellie ana kijitabu cha vichekesho. Ukibonyeza anasoma kimoja, ukibonyeza tena anasoma kingine. Vichekesho vya Kiingereza vya kuchezea maneno, visivyo na ladha hata kwa Waingereza. Mwalimu alivitazama viwili vya kwanza, akavitupa, akaanza kupachika vyake: vya mkwe aliyekwenda ugenini msimu wa senene, vya mzee na baiskeli ya mkopo. Niliambiwa nisiondoke pale. Nikabonyeza mpaka kijitabu kikaisha, na bado walitaka vingine.

Kilichowashika kabisa kilikuwa mashine ya gemu iliyokufa. Riley anamsimamisha Ellie mbele yake, anamwambia afumbe macho, na anaanza kumsimulia pambano: wewe ni Angel Knives, mbele yako kasimama Blackfang, anarusha teke, inama. Skrini ya mashine ni nyeusi. Tunachoona ni uso wa Ellie, macho yamefumbwa, na mimi nabonyeza vitufe kwa kufuata maneno ya msimuliaji. Mwalimu akasimama kwenye kreti. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya kanda za Lufufu tulizokulia, na banda zima likajua linatazama nini. Kwamba kuna watu huko Kalifonia waliojua raha ya kusimuliwa pambano usiloliona, hilo lilitushangaza kuliko zombi yeyote.

Baadaye wale wasichana wawili wanacheza muziki juu ya kabati la vioo, Ellie anamwomba Riley asiondoke, na wanabusiana. Banda likalipuka. Huyu anapiga mluzi, yule anacheka kwa aibu, mzee mmoja akasema, "Hapana waitu, hapana," akatoka nje. Mwalimu, aliyekuwa akitafsiri hadi pumzi, akanyamaza kimya. Kisha wale walioambukizwa wakausikia muziki, wakaja kwa mbio, na hakuna aliyebaki na nafasi ya kutoa fatwa. Mzee alirudi ndani kuuliza nani kafa. Busu lile lilijadiliwa wiki nzima na sitadai kwamba lilikubalika. Wengine waliona limebandikwa kwa nguvu, wengine wakasema ni utoto, watoto waliobaki peke yao duniani. Ninachokumbuka ni kwamba waliolichukia zaidi nao walibaki mpaka mwisho.

Mwisho wenyewe ulijulikana. Wote wawili wanang'atwa, na anayeijua gemu kubwa anajua Ellie atapona na Riley hatapona. Riley anataja njia mbili: kumaliza kwa bastola sasa hivi, au kukaa pamoja na kuyasubiri yanayokuja. Wanakaa.

Kesho yake asubuhi, kwenye kahawa nje ya banda, senene wa kukaanga wakipita mkono kwa mkono, ndipo hukumu zilipotolewa. Vijana wa mpira walikuwa wakali. Gemu gani hii, nusu nzima unatembea na kuongea? Walichosifu ni Colorado, hasa pale unaporusha chupa ukawagonganisha walioambukizwa na majambazi, wakamalizana wenyewe, wewe umejibanza nyuma ya kaunta. Gemu kubwa haikuwa na hilo. Mvuvi mmoja, mtu mzima, alisema yeye pale pa kukaa na kusubiri ndipo palipompata: mashine ikizima ziwani na upepo umeanza, mliomo mtumbwini hamjadili sana. Mwalimu alikuwa na lake, na ndilo lililonikaa. Alisema hakatai kujua mwisho mapema, hadithi nyingi za bibi yake alizijua mwisho. Anachokataa ni mtoto yule yule wa bastola ya maji kuua wanaume wengi vile alasiri moja, tena hao wa mwisho wanaomiminika wimbi baada ya wimbi, kana kwamba watengenezaji waliogopa kuambiwa gemu haina vita.

Nimezisoma hoja hizo hizo baadaye kutoka kwa watu walionunua gemu yao halali na kucheza sebuleni kwao. Tofauti ni kwenye urefu tu. Aliyelipa mara moja anataka saa nyingi kwa pesa yake. Aliyezoea kulipia dakika anataka kumaliza. Kimwani hakuna aliyelalamika kwamba ni fupi. Walilalamika kwamba haikuonyeshwa tena usiku wa pili.

Tangu hapo desturi ya banda ikageuka. Usiku wa mbalamwezi ukawa wa gemu za hadithi, na kijana akithubutu kubonyeza X watu wakiwa wanaongea kwenye skrini alizomewa mpaka arudishe. Uncharted ilipigwa hivyo. Gemu kubwa ya Joel nayo ikapigwa upya, kwa jioni kadhaa mfululizo, watu wakiitaka kwa sababu walishamjua Ellie. Ilidumu miaka miwili hivi. Mwalimu alipangiwa kituo mkoa mwingine, na aliyemrithi alikuwa anapiga kelele tu. Kisha simu zikaja na bando zake, na mtu akaweza kuitazama gemu nzima amelala kitandani, imeshachezwa na mtu wa Brazil. Mwenye banda akabaki na mpira.

Februari 2023 kipande kile kikarudi kama sehemu ya saba ya tamthilia ya HBO, na kwa jina lile lile. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa sekondari Muleba, aliitazama kwenye simu, na hukumu yake niliitambua. "Baba mdogo, hapa wanatuchelewesha. Joel anakufa huku, wao wanatuonyesha bembea." Nikamwomba anionyeshe alivyoitazama. Alikuwa ameweka mwendo wa moja na nusu, sauti za wasichana zimekuwa nyembamba, wanacheka kwa haraka haraka.

Nilimpeleka kwenye banda moja pale Muleba lenye PS4, tukalipia saa tatu taslimu, na nikamkabidhi pedi. Kwa Blackfang alipigwa vibaya mara ya kwanza, maana alikuwa anabonyeza kabla Riley hajasema. Alipomaliza akashikilia kwamba ni nzuri lakini fupi, wangeongeza mapigano ya Colorado walau saa moja. Mimi hayo mapigano ningeyakata nusu, na saa tatu zetu zingebaki na chenji.