Hema la Kule Barafu

Wiki iliyopita mpwa wangu, anayetaka kuanza kazi ya ugumu, yaani kubeba mizigo ya wageni, mlimani Kilimanjaro, alinionyesha hema alilonunua soko la Mbuyuni, Moshi. Jepesi, la rangi ya chungwa. Nililisimamisha uani: nguzo mbili za fiberglasi, na ndani nusu ya kuta ni chandarua kitupu. Nikamuuliza kambi ya Barafu atalala wapi.

"Si humu, Mjomba? Hema ni hema."

Nilikereka sana, wala si yeye aliyenikera. Kilichonikera ni kwamba sisi tuliofundishwa kukagua hema tungali hai na tumenyamaza.

Hifadhi ya Kilimanjaro ilitangazwa 1973, ikafunguliwa rasmi 1977. Mimi nilianza kupanda baada ya hapo. Njia ya Marangu ina vibanda tangu zamani, Mandara, Horombo, Kibo, kwa hiyo hema tulilijulia njia ya Machame. Lilikuwa la turubai, na likilowa mvua ya msituni, mgumu aliyelibeba alikuwa akipumzika kila kona. Harufu yake haijanitoka: nta, moshi, mafuta ya taa.

Aliyetufundisha hakuwa hata mpanda mlima. Alikuwa fundi cherehani, mzee wa maneno machache, aliyeshona mahema kwenye baraza la duka la vitambaa. Ukimpelekea hema, kwanza huligeuza ndani nje na kupitisha kidole gumba kwenye kila mshono. Kisha hukinyoosha kitambaa mbele ya jua, kwa kuwa jua la juu huila nailoni kabla jicho halijaona. Kisha anakuvisha glovu nene na kukuambia ufunge zipu. Ukishindwa pale barazani, saa sita usiku na baridi ile utaweza?

Alikuwa na maswali mawili: upepo utaingilia wapi, na pumzi itatokea wapi? Barafu ni zaidi ya mita 4,600 na ardhi yake ni mawe. Vigingi haviingii, kamba unazifunga kwenye miamba. Turubai la juu lisipofika chini, vumbi na theluji hupita chini yake. Ukiziba kila tundu, nayo pumzi ya watu wawili huganda darini, na jua likichomoza inawadondokea kwenye mifuko ya kulalia. Ndiyo maana alitaka kuta za ndani za kitambaa kizima, na matundu ya hewa juu kabisa.

Yalipokuja mahema ya kuba, yenye nguzo nne za alumini zinazopishana, aliyachunguza siku nzima, akahesabu nguzo zinapokutana. Kila makutano, alisema, ni mkono unaomshika mwenzake. Hakuipenda fiberglasi; kwenye baridi kali hupasuka.

Alifariki, baraza likawa duka la simu. Kampuni zikaongezeka, njia zikajaa. Leo mgeni analala kwenye hema imara, na wagumu wamebanana kwenye hema kuukuu lenye zipu iliyokufa. Nikiuliza, najibiwa kwamba hema zuri ni zito na mzigo wa mgumu una kikomo cha kilo 20. Basi waajiri mgumu mmoja zaidi. Hema la wagumu lipimwe kwenye mizani ya langoni pamoja na la mgeni, na anayelibeba alipwe siku zake zote.