Kunyamazisha Maji Bila Kumdhuru Jirani

Sauti ya maji hupendwa na wengi. Mvua ya usiku juu ya bati, wimbi dogo likivunjika ufukweni, birika likimimina maji ya udhu: sauti hizi hutuliza moyo. Lakini maji yaliyochanganyika na hewa ndani ya bomba la plastiki hayamtulizi mtu. Hukoroma, hufyonza, hugugumia, kisha hunyamaza kwa muda mfupi na kuanza upya. Mwenye tangi la samaki wa baharini nyumbani aijua sauti hiyo, na aliyelala chumba cha pili aijua zaidi.

Tangi letu liko sebuleni, ghorofa ya pili, hapa Mombasa. Lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, yaani lita 300 likijazwa hadi ukingoni. Mna mawe, matumbawe laini, na samaki wachache ambao watoto wamewapa majina. Chini yake, ndani ya kabati, mna tangi dogo la kusafishia maji. Maji ya juu hufurika na kuingia katika kisanduku cha kioo kilicho pembeni, huteremka kwa bomba hadi tangi la chini, kisha pampu huyarudisha juu. Mzunguko huo haukomi usiku wala mchana.

Sisi wenyewe tulikuwa tumeizoea sauti yake, kama mtu azoeavyo feni. Kisha jioni moja binti wa jirani yetu wa ghorofa ya chini alipanda ngazi na sahani ya mahamri, akasema kwa adabu, "Mamangu awasalimu sana, na auliza kama mna mashine inayokwenda usiku. Mtoto hashiki usingizi." Mama huyo alikuwa hajatimiza arobaini tangu ajifungue. Ujumbe wa adabu huwa mzito kuliko malalamiko, na haki ya jirani si jambo la kuahirisha.

Shauri la kwanza tulilopewa ni kuzima pampu kila usiku. Hilo halifai. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, matumbawe na mimea ya majini hayatoi hewa safi. Yote huivuta, pamoja na samaki. Na maji ya joto kama ya pwani yetu hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Kuyasimamisha maji saa hizo ni kuwabana pumzi viumbe tuliowafungia ndani ya kioo, nao ni amana mikononi mwetu.

Shauri la pili lilikuwa jepesi zaidi: tulizibe kidogo bomba la kuteremshia kwa sponji au soksi kuukuu, sauti ife. Hili ndilo la hatari. Pampu haijui kwamba njia ya kuteremka imebanwa. Pampu ya kusukuma lita 1,500 kwa saa hupandisha lita 25 kila dakika, nayo itaendelea hadi sehemu yake ya tangi la chini ikauke. Kisichopata njia bombani kitapata njia sakafuni: maji ya chumvi juu ya nyaya za umeme, kisha darini kwa mama yule yule tuliyetaka apumzike. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na bomba lililozibwa ni mfano wake.

Basi tukaanza kwa kusikiliza. Tulipoweka kiganja juu ya kabati tulihisi mtetemo. Tulipoinamia kisanduku cha pembeni tulisikia ule mgugumio. Yalikuwa magonjwa mawili. Mgugumio ulitusumbua sisi. Mtetemo ndio uliopita katika kabati, ukaingia sakafuni na kushuka kwa jirani.

Tukaitibu pampu kwanza. Tulichomoa plagi kabla ya kutia mkono majini, tukaifungua, tukailaza ndani ya siki iliyochanganywa na maji kwa kipimo sawa. Ile chokaa nyeupe iliyoganda ikatoa povu na kulainika, tukaisugua kwa mswaki mkuukuu na kuisuuza vizuri. Mhimili wa kizungushi chake aghalabu ni wa kauri, nao huvunjika upesi, kwa hiyo ushikwe kwa upole. Tuliporudisha pampu tuliikalisha juu ya kipande cha sponji, mbali na kuta za kioo. Bomba gumu lililotoka kwake tulilikata na kuunga sentimita 30 za mpira laini wa silikoni, ili mtetemo ufie humo. Pale bomba lilipogusa mbao, tukaweka vipande vya ndara ya zamani.

Pia tukatia alama kwenye tangi la chini kuonyesha kimo cha maji. Maji hupungua kwa mvuke kila siku, na yakishuka mno pampu hunywa hewa na kupiga kelele. Yanayopotea ni maji matupu, chumvi hubaki. Kwa hiyo huongezwa maji safi yasiyo na chumvi, wala si ya bahari.

Likabaki bomba la kuteremshia. Bomba likiwa wazi juu, maji huteremka yakivuta hewa, na hewa hiyo ndiyo ikoromayo. Kuna mtindo mkongwe uitwao Durso, ambao huweka kona juu ya bomba na tundu dogo la kupitisha hewa. Hupunguza kelele sana. Sisi tulichagua mwingine uitwao Herbie, kwa sababu unaweka mabomba mawili. La kwanza hujaa maji tupu bila hewa, kama mpira wa fundi anyonyaye maji kutoka pipani, na maji yasiyo na hewa hupita kimya. La pili, lililo refu zaidi ndani ya kisanduku, hungoja siku ya dharura.

Tangi letu lilikuwa na matundu mawili, moja la kuteremshia na moja la kurudishia. Fundi wa mabomba alilifanya la pili kuwa njia ya dharura, na bomba la kurudishia akalipitisha juu ya ukingo wa nyuma. Kwenye bomba la kwanza, karibu na tangi la chini, alifunga vali ya kuzungusha mizunguko mingi, si ile ya mkono mmoja ifungukayo kwa robo mzunguko, maana hapa nywele moja ina hesabu yake. Ncha ya chini ikazamishwa sentimita mbili tu majini. Ikizama sana, hewa hushindwa kutoka pampu inapowaka upya.

Binti yetu ndiye aliyekuwa na subira ya kuirekebisha. Alizungusha kidogo, akangoja dakika kadhaa, akazungusha tena, hadi maji ya kisanduku yakapanda na kusimama karibu na mdomo wa bomba la dharura. Kwa kuwa yalipanda, hata maporomoko ya kuingia kisandukuni yakawa mafupi, na mlio wake ukafifia.

Kimya kilipopatikana hatukukiamini bila kukipima. Pampu ikiwa inafanya kazi, tulifunga vali ile kabisa. Maji yote yakakimbilia bomba la dharura kwa kelele kubwa, lakini hakuna tone lililomwagika. Kelele hiyo ni mlinzi, na bomba hilo halifungwi vali wala halizibwi kamwe. Kisha tukazima umeme, kama ukatikavyo wenyewe. Maji yakarudi chini hadi tundu dogo, tulilotoboa kwenye bomba la kurudishia chini kidogo ya uso wa maji, likavuta hewa na kukata mvuto. Tangi la chini likayapokea yote, na nafasi ikabaki.

Siku ya tatu ilirudi sahani, safari hii kutoka kwetu kwenda chini, na jibu likaja kwamba mtoto amelala hadi alfajiri.

Kwa wenye matangi kama letu, twaomba majaribio hayo mawili yafanywe kila mwezi, na tundu la kukata mvuto lisafishwe, kwani mwani hupenda kuliziba. Na anayetafuta kimya aitoe hewa, auzuie mtetemo, aiache njia ya dharura wazi. Kimya kinachopatikana kwa kuziba njia ni deni, na mara nyingi atakayelilipa ni anayeishi chini yetu.