Joto na Ukuta wa Bomba

Watu husema baridi imeingia nyumbani, kana kwamba baridi ni mgeni mwenye miguu. Lugha ina ruhusa hiyo, hesabu haina. Baridi haiingii popote. Joto ndilo litokalo, na safari yake daima ni kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Mvuvi wa Bunda afikishaye sangara mwaloni na mfugaji wa Butiama akamuaye alfajiri huishi kwa kanuni hii, waijue au wasiijue. Maziwa hutoka kiweleni na joto la digrii 38 hivi, na hayana budi kushushwa upesi hadi digrii 4, kabla vijidudu havijazaana. Samaki naye hangoji. Achelewaye kupoza huuza kwa bei ya kutupa, au hutupa bila ya bei.

Katika mtambo wa kupozea, joto hupita katika ukuta wa bomba. Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kanuni ya mwendo huo mwaka 1822. Kwa bomba hesabu yake ni hii: zidisha pai mara mbili, kwa uwezo wa madini kupitisha joto, kwa urefu wa bomba, na kwa tofauti ya joto baina ya nyuso mbili, kisha gawanya kwa logi asilia ya nusu kipenyo cha nje kikigawanywa kwa cha ndani. Logi huingia kwa sababu duara la nje ni pana kuliko la ndani, na joto hukuta njia isiyo sawa kila hatua.

Lichukuliwe bomba la chuma lenye urefu wa mita 1, nusu kipenyo cha ndani milimita 10 na cha nje milimita 12, na tofauti ya digrii 10. Uwezo wa chuma ukiwa 50, joto lipitalo ni wati 17,200 hivi. Shaba, ambayo uwezo wake ni kama 400, ingepitisha mara nane. Mwenye mali angeona dawa imepatikana.

Lakini maji ya ziwa yapitayo bombani huacha ukoko. Ukifika unene wa milimita 1 tu, na uwezo wake ukiwa 1, kizuizi chake huwa mara 29 ya kizuizi cha chuma. Wati 17,200 hushuka hadi 576. Chuma kikibadilishwa kwa shaba na ukoko ukaachwa, hupatikana 594. Gharama kubwa imenunua wati 18! Isitoshe, amonia, itumikayo katika mitambo mingi ya barafu, hula shaba penye unyevu. Adui hakuwa ukuta. Adui alikuwa uchafu ulioegemea ukuta.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alichapisha mwaka 1963 tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare. Lugha iliyoweza kubeba hotuba za Roma haishindwi na bomba. Fundi wa Musoma akiisoma hesabu hii kwa lugha anayopatania bei sokoni, atashika brashi kabla ya kuomba shaba, na samaki wa jirani yake watafika salama.