Nilisingizia Mtandao, Kumbe Ni Themu Yangu Nyeusi!

Juzi hapa mlimshambulia yule staa aliyetinga rangi yake harusini wakati wenzake wote wako kwenye sare. Mimi nilikaa kimya. Kuna kitu kilinikuta Kibiti kikanifundisha kwamba wakati mwingine mmoja akivaa tofauti, wote mnapona.

Ngoja niwape mkasa. Kipindi hicho nilikuwa nashika steshenari ya bro wangu pale Kibiti, jirani na barabara ya Kilwa. Kompyuta ilikuwa moja, ya zamani, tumeiwekea Linux Mint kwa sababu fleshi za wateja zilikuwa zinatuletea virusi kila siku. Mimi mtu wa kukesha, macho yanauma, basi nikaweka themu nyeusi kila mahali. Ikawa kali kweli, hadi wateja wanasifia.

Shida ikawa Firefox. Ile yetu ilikuwa toleo la zamani, na kwenye baadhi ya fomu unaandika huoni kitu. Themu nyeusi inaleta herufi nyeupe, tovuti nayo inaweka kisanduku cheupe. Nyeupe juu ya nyeupe! Niliona, nikapuuzia. Nikawa naandika kwa mazoea tu, si vidole vinajua?

Akaja binti mmoja kutoka delta, anaomba chuo. Boti mpaka Nyamisati, bodaboda mpaka Bungu, gari mpaka Kibiti. Na lazima awahi kurudi, maana kule boti zinafuata maji. Nikamjazia harakaharaka, nikachapisha, nikampa karatasi yake. Hela yangu mfukoni.

Wiki mbili baadaye huyu hapa. "Kaka, wenzangu wameshapata meseji, mimi kimya."

Nikajibu bila hata kufikiri: "Aah, mdogo wangu, mtandao huo. Vuta subira."

Hakubisha. Alifungua mfuko wa nailoni, akatoa ile karatasi aliyoikunja vizuri isilowe kwenye boti, akaweka kidole kwenye namba ya simu. "Hii siyo yangu. Yangu inaishia saba, hapa wameandika nne."

"Wameandika." Hakusema "umeandika". Hapo ndipo nilipoumia.

Nikafungua fomu yake, kile kisanduku kikaonekana kitupu. Nikaburuta mausi juu yake, namba zikajitokeza, na nne yake mwishoni. Meseji zake zote zilikuwa zinaenda kwa mtu mwingine. Zilibaki siku mbili dirisha la maombi lifungwe. Nikamwambia ukweli: siyo mtandao, ni mimi. Tukarekebisha, safari hii akasoma mwenyewe kabla sijabonyeza, na nauli nikamrudishia.

Usiku ule nikatafuta dawa. Themu nyeusi sikutaka kuiacha, na kumbe haikuwa lazima. Unafunga madirisha yote ya Firefox kwanza, maana likibaki hata moja haibadiliki. Unafungua teminali, unaandika:

GTK_THEME=Adwaita:light firefox

Firefox inafunguka nyeupe peke yake, mengine yote yanabaki meusi. Kama hutaki kuandika hivyo kila siku, nakili faili la firefox.desktop kutoka /usr/share/applications kwenda ~/.local/share/applications. Kwenye ile nakala, kila mstari unaoanza na Exec= weka env GTK_THEME=Adwaita:light kabla ya neno firefox. Usiguse faili la mwanzo, sasisho likija linafuta kazi yako. Na jueni hii ni kwa programu zinazotumia GTK tu. VLC, kwa mfano, inatumia Qt, hiyo hata haikusikilizi.

Matoleo mapya ya Firefox yamepunguza sana tatizo hili, lakini bado mashine za zamani zipo kibao mitaani, na watu wanajaziwa maisha yao humo.

Baadaye nilipata meseji kutoka namba inayoishia saba: "Nimepata chuo, kaka." Niliisoma mara tatu.

Haya, nyie mliowahi kumsingizia mtandao kosa lenu, shukeni kwenye komenti tuambizane ukweli. Na yule staa muacheni avae anavyotaka.