Malkia wa Ndorwa na Risasi za Maji

Sisi tukaao Kilwa, kando ya ziwa Moero, twaamka kila siku mbele ya mpaka. Kisiwa kile kiitwacho Kilwa kama mji wetu, ambacho wavuvi wetu wakizunguka kila siku, si cha Kongo bali ni cha Zambia. Mwaka 1894 Waingereza walipatana na Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, na mstari wa mpaka ukapindishwa makusudi humo ziwani ili kisiwa hicho kiwe upande wa Waingereza. Nani alikwenda kuwauliza wavuvi?

Basi jioni moja, baada ya sala ya jumuiya, kijana mmoja alituuliza: "Je, wazee, hakuna aliyekataa mambo hayo? Na mama zetu, walikaa kimya tu?" Tukamsimulia habari za Malkia Muhumusa. Na kwa kuwa mazungumzo yale yalitugusa kuliko tulivyotazamia, tumeona yafaa kuyaandika hapa, ili wasomaji nao wayapime.

Ndorwa ni nchi ya milima mirefu na baridi. Leo imegawanyika: sehemu iko kusini-magharibi ya Uganda, sehemu iko kaskazini ya Rwanda. Muhumusa alijulikana kama mmoja wa wake za Rwabugiri, mfalme wa Rwanda aliyefariki mwaka 1895. Mwaka uliofuata ulizuka ugomvi mkali wa urithi huko Rucunshu, na Musinga, mtoto bado, akawekwa kuwa mfalme. Muhumusa alishika neno lake kwamba mwana wake mwenyewe ndiye mwenye haki ya kiti. Akaenda zake kaskazini, mbali na mkono wa watu wa Musinga.

Huko Ndorwa watu walimheshimu sana Nyabingi, roho waliyesema ni ya mwanamke. Wale walionena kwa jina lake wengi walikuwa wanawake, na watu waliwapelekea pombe, mbuzi na ng'ombe. Muhumusa akawa mkuu kati yao. Wadachi walimwogopa, wakamkamata na kumweka Bukoba muda wa miaka miwili hivi. Alipoachiliwa hakunyamaza.

Tuangalie mambo ya wakati ule. Mwaka 1910 wajumbe wa Waingereza, Wadachi na Wabelgiji walikutana Brussels, wakaigawa milima ile kati yao. Mwaka 1911 wapima mipaka walikuwa wakipanda vilima na vyombo vyao, wakisimika alama. Mtu alilala katika nchi moja, akaamka katika nchi ya wengine, na shamba lake halikusogea hata hatua moja. Ndipo Muhumusa alipojitangaza kuwa malkia wa Ndorwa. Alisema atawafukuza Wazungu, na ya kwamba risasi zao zitageuka kuwa maji.

Watu wengi walimfuata. Machifu waliokataa, aliwashambulia. Akajenga boma katika kilima cha Ihanga, na mwishoni mwa Septemba 1911 askari wa Waingereza wakalivamia. Risasi hazikugeuka maji. Wafuasi wake wengi walianguka, naye mwenyewe alijeruhiwa mguuni, akakamatwa. Mwaka 1912 Waingereza wa Uganda waliweka sheria ya uchawi, wakaitumia kuwabana watu wa Nyabingi. Muhumusa alipelekwa Kampala, asirudi tena katika milima yake. Alifia huko mwaka 1945, baada ya kifungo cha miaka 34. Alikamatwa kabla ya vita kuu ya kwanza, akafa mwaka ule vita kuu ya pili ilipokwisha.

Tulipofika hapo, kijana yule akasema kwa furaha: "Huyu ni shujaa!" Tukamwambia, ngoja kwanza.

Ahadi ya maji si ya Ndorwa peke yake. Upande wa Kilwa ile nyingine, ya pwani ya Tanganyika, Kinjikitile Ngwale aliwagawia watu dawa ya maji, na mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaanza. Wadachi walimnyonga, na watu wengi mno wakafa kwa bunduki na kwa njaa. Kwetu Kongo, mwaka 1964, vijana walinyunyiziwa maji vilevile, wakakimbilia bunduki wakilitaja jina la Mulele. Na sisi wa Kilwa hii twakumbuka Oktoba 2004. Kikundi kidogo cha watu wenye silaha kiliingia mjini, kikawaita vijana wajiunge nacho ili Katanga iwe huru. Wengi wetu tulikimbia, wengine porini, wengine kwa mitumbwi ziwani. Mji ulipotekwa tena, watu zaidi ya 70 walikuwa wamekufa, na wengi wao hawakuwa wameshika hata fimbo.

Kulikuwa na mama mmoja kati yetu jioni ile. Mwanawe ni mmoja wa vijana walioitika mwito, wala hakurudi nyumbani. Alikuwa amekaa kimya tangu mwanzo. Akasema: "Huyo malkia alikuwa na haki ya kulia. Nchi yake iligawanywa kama nyama ya sokoni. Lakini kama mtu angelimwambia mwanangu kweli, kwamba risasi ni risasi, pengine angelifikiri mara mbili."

Hakuna aliyemjibu upesi. Baadaye mzee mmoja akasema: "Walakini Muhumusa hakuwatuma watu mbele yeye akabaki nyuma. Alikuwa bomani pamoja nao, akapigwa risasi pamoja nao. Huenda mwenyewe aliamini." Mama akaitika kwa kichwa. "Hilo namheshimu," akasema. "Waliomwita mwanangu sikuwaona kaburini."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipoachia, na hapo twapenda kuwaachia ninyi pia. Tusiwafundishe watoto wetu kumcheka Muhumusa na kumwita mchawi tu, kama walivyofanya waliomfunga. Dhuluma aliyoikataa ilikuwa dhuluma kweli, na alilipa kwa miaka 34. Wala tusiwafundishe kwamba ushujaa wafuta kila kosa. Amri ya nane haina ruhusa kwa malkia wala kwa jemadari. Mwenye kuongoza watu aweza kuwaambia: njia hii ni ya hatari, twende pamoja. Hawezi kuwaahidi asichonacho mkononi. Mchungaji mwema hakuwaficha wafuasi wake kwamba uko msalaba.

Na siku mtu atakapokuja tena kuwaita vijana wetu, kwa maji, kwa fedha au kwa maneno matamu, tumwulize kwanza maneno mawili: "Je, ni kweli? Na wewe mwenyewe utakuwa wapi?"

Kabla ya kuagana tulisali kwa ajili ya marehemu wa Oktoba 2004. Mama yule ndiye aliyeomba tuongeze na wale wa kilima cha Ihanga.