“Yaya, Itanitakatisha?”

Jumapili jioni hapa Brussels, marafiki zangu wengi wanakaa nyumbani na maski usoni. Ni zile za karatasi zilizoenea duniani kutoka Korea Kusini. Unachana pakiti, unatoa kitambaa chembamba kinachochuruzika, chenye matundu ya macho, pua na mdomo, unakilaza usoni kwa dakika 15, halafu unakitupa. Mwezi uliopita nilikuwa nacho usoni simu ilipoita. Alikuwa mdogo wangu, yuko Goma. Aliponiona kwenye video alicheka sana, kisha akauliza swali moja tu: “Yaya, hiyo itanitakatisha?”

Hakuuliza kama inalainisha ngozi, wala kama inatuliza vipele. Aliuliza kuhusu rangi. Swali lile limenikaa moyoni mpaka leo.

Kwetu ni Kirolirwe, kwenye barabara inayotoka Sake ikipanda kwenda Kitshanga, katikati ya malisho ya Masisi. Ile fromaji ya Masisi inayosifiwa Goma, maziwa yake yanatoka kwenye vilima kama vile vya kwetu. Utotoni sikuwahi kusikia mtu akitaja maski kwa habari ya ngozi, lakini kitu chenyewe tulikuwa nacho. Koko wetu alisukasuka maziwa ya kuganda kwenye kibuyu asubuhi na mapema. Siagi ilipojitenga alichukua donge dogo, kama ncha ya kidole gumba, akalisugua viganjani mpaka likayeyuka. Kisha alikushika kidevu kwa mkono mmoja, akakupaka kwa mwingine kuanzia kwenye paji la uso kushuka chini, akipita mara mbili kwenye mashavu, maana baridi ya kule hupasua mashavu ya watoto. Tulienda shule tukinuka maziwa, na hakuna aliyeona haya, kwa kuwa darasa zima lilinuka hivyo hivyo.

Wasichana wakubwa walikuwa na lao. Arusi ikikaribia walijipaka usoni yale maziwa mazito yaliyobaki ndani ya kibuyu, wakakaa ukutani kimya mpaka yakauke. Ukicheka yanapasuka, na sisi wadogo tulijua hivyo, tukawachekesha kwa makusudi.

Nimekuja huku nikakuta asidi ya laktiki imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya vichupa vya duka la dawa. Ni asidi ile ile inayoyachachusha maziwa yakiganda, na kazi yake ni kulegeza seli zilizokufa juu ya ngozi. Tofauti ni kwamba ya kichupani imepimwa. Majirani zangu Wamoroko nao wana ghassoul, udongo wa kwao wanaoukoroga na maji na kujipaka. Udongo hunyonya mafuta ya ngozi. Maski ya karatasi yenyewe haina muujiza: inaushikilia unyevu usipotee hewani, ngozi inalainika, na baada ya siku moja au mbili imerudi ilivyokuwa. Huku tunaihitaji kwa sababu majira ya baridi na joto la mashine ndani ya nyumba hukausha uso. Ni hilo tu tunaloliomba kwake.

Mdogo wangu anaomba kingine, na najua alikokitoa. Mwanzoni mwa 2023 vita vilipofika Kitshanga, watu wengi wa barabara yetu waliteremka Sake na Goma. Yeye aliishia kambi ya Bulengo. Ng'ombe hawakuwepo, kibuyu kilikuwa kimebaki nyuma, na maji yalikuwa ya kupigania kwa bidoni. Mtu akamuuzia kikopo kisicho na lebo, akaambiwa ni maski ya kutakatisha. Wiki ya kwanza alifurahi. Wiki ya tatu mashavu yalikuwa mekundu, yanawaka kila akitoka juani, na ngozi chini ya macho imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Sijui kilichokuwemo ndani ya kikopo kile, lakini najua vinavyotiwa mara nyingi katika dawa za namna hiyo. Kuna hidrokwinoni, iliyopigwa marufuku katika vipodozi vya ngozi Umoja wa Ulaya tangu 2001. Kuna clobetasol, dawa kali ambayo daktari huiandika kwa muda mfupi kwa magonjwa ya ngozi. Ukiipaka usoni kila siku inakula ngozi. Na kuna zebaki, inayoharibu figo. Weusi wetu ni kinga ya jua. Goma iko juu ya mita 1400, karibu na ikweta, na huko jua huchoma hata mtu akisikia baridi. Kuivua kinga hiyo mahali kama pale ni kujiumiza.

Kwa hiyo nilimjibu: hapana, haitakutakatisha, na sitakutumia kitu cha kukutakatisha. Sasa amepanga chumba mjini, na avokado zipo sokoni. Nilimwambia aponde nusu ya avokado iliyoiva, au achukue kijiko cha asali safi, ajaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko, angoje mpaka kesho. Limau asilipake kabisa: maji yake yakikutana na jua yanaunguza. Na siku ambayo maji ni ya shida, aache maski. Anawe uso, na ukiwa bado na unyevu apake siagi kidogo au vazelini. Koko alifanya hivyo, na ngozi yake ilikuwa nzuri mpaka uzeeni.

Ninyi mnaofunga masanduku kwenda nyumbani, najua mnaombwa mirija ya dawa hizi za kutakatisha, kwa maana hata mimi naombwa. Kabla hujautia sandukuni geuza mrija usome nyuma. Ukiona “hydroquinone”, “clobetasol”, “mercure” au “calomel”, uache. Na kama hauna maandishi yoyote, uache pia.